Isale Ndani ya Ndoo

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini katika nyumba ya Dominika, pale Shirimatunda, aliyesikia ndiye aliyevunja guu, tena si lake, la bibi yake. Mkuu alikuwa Dominika mwenyewe, na la mkuu lilikuwa limebandikwa ukutani juu ya friji, karatasi mbili zilizochapwa vizuri, zenye kichwa cha maneno: KANUNI ZA NDOO.

Ndoo ni programu ya kompyuta. Dominika aliianza zamani, binti yake Doris akiwa bado anasoma kwa kufuatisha kidole, na tangu hapo haijalala. Kila asubuhi akina mama wa Kibosho, kule mlimani, hupeleka maziwa kwenye vituo vya ushirika. Karani hupima, huingiza namba ya mwanachama kwenye simu, na Ndoo hufanya yaliyobaki: hujumlisha, hukata bei ya pumba zilizokopwa, na mwisho wa mwezi hutuma malipo kwenye simu ya mwenye namba. Ushirika ulimlipa Dominika kuitunza, na malipo hayo ndiyo yaliyonunua gesi, sukari, ada, na mara nyingi mbao za mumewe Julius, seremala ambaye wateja wake walilipa zaidi kwa ahadi.

Sasa mkataba ulikuwa unaisha. Kampuni moja ya Dar es Salaam ilikuwa imewaonyesha watu wa ushirika programu mpya yenye rangi nyingi, na kabla ya kuamua, bodi ikamleta mkaguzi. Aliitwa Crispin, kijana mpole mwenye miwani, aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, soksi yake moja ikachungulisha kidole gumba. Julius alikiona kidole kile akampenda papo hapo.

"Mama Doris," Crispin alisema, kikombe cha chai kikipoa pembeni ya kompyuta yake, "kanuni hizi za ukutani aliandika nani?"

"Mimi. Kiswahili chake alikinyoosha huyu." Dominika alimwonyesha Doris, aliyekuwa ameegemea mlango wa jikoni na stashahada yake ya kompyuta bado mbichi.

"Ni nzuri. Nimekagua programu nyingi, sijaona kanuni zilizoandikwa kwa lugha safi hivi."

Doris akatabasamu mpaka masikioni.

"Sasa mbona hamzifuati?"

Tabasamu likakwama lilipokuwa.

Crispin hakuwa na ukali. Alisoma kama padri anayesoma matangazo ya ndoa. "Kanuni ya kwanza: kila jina ndani ya msimbo, yaani maandishi ya programu, liwe la Kiswahili ambacho mgeni atakielewa. Hapa nakuta 'maruwa'. Maruwa ni nini?"

"Maziwa," alisema Dominika. "Kichagga."

"Kanuni ya pili: fungu lolote la msimbo lisizidi ukurasa mmoja wa kioo. Hili hapa nimelishuka mpaka kidole kimechoka."

"Hilo ni refu kama misa ya mazishi ya Kibosho," Julius alidakia kutoka uani, vumbi la mbao limemjaa nyusi. "Lakini marehemu huwa anazikwa, bwana mkaguzi."

Crispin alicheka, kisha akajirudi. "Kanuni ya tatu: jina la mtu wala namba ya mtu isikae ndani ya msimbo. Mambo ya watu yakae kwenye jedwali, ofisini. Na hapa, mama, katikati ya msimbo kabisa, kuna namba za simu za watu. Juu yake kuna neno moja, chini yake neno hilohilo. ISALE. Hakuna maelezo mengine."

Dominika alinyanyuka kumwongezea chai ambayo hakuwa ameigusa. "Hilo fungu refu liliandikwa kabla ya kanuni kuzaliwa," alisema. "Na hiyo maruwa, mashine ya kupimia ya kituo cha juu inaijua kwa jina hilo, na faili tunalotuma kwenye malipo ya simu linaijua kwa jina hilo. Nikibadilisha kwangu, hao wengine wataendelea kuita maruwa na hakuna atakayeitika. Wewe kwenu ni wapi, mwanangu?"

"Singida, mama."

"Basi hujaona kihamba cha kwetu, shamba la ukoo. Bwana shamba akija anasema kahawa ipandwe kwa mstari, na anasema kweli. Mipya tunapanda kwa mstari. Lakini ile aliyopanda babu, imejikunja, imesimama inapotaka, na inazaa. Sasa niing'oe ili shamba lipendeze? Kanuni ni za kupandia."

"Nimekuelewa kwenye ya kwanza na ya pili. Nitaandika hivyo. Na ya tatu?"

"Hiyo niachie."

"Siwezi kuandika 'niachie' kwenye ripoti, mama."

Alivaa viatu vyake taratibu, akaaga kwa heshima zote. Alisema atarudi kuangalia tena kabla ya mkutano mkuu. Kama kanuni ya tatu itakuwa bado imevunjwa, itambidi aseme mbele ya bodi, na bodi ikishasikia neno kuvunja huwa haisikii lingine.

Lango lilipofungwa, Doris alichukua kile kikombe cha chai baridi akakishika kama anataka kukirusha. "Mama, nimeaibika."

"Kwa lipi?"

"Kanuni nimezinyoosha mimi! Nilikesha natafuta neno zuri la kila kitu. Msimbo, jedwali, fungu. Kumbe tunawafundisha wenzetu kufunika choo, chetu kiko wazi barabarani."

"Doris."

"Nani amekaa humo ndani ya isale? Niambie basi."

Dominika alimpokonya kikombe. "Ni mambo ya Kibosho," alisema, akaenda kukiosha.

*

Wiki ile ile Dominika alikwenda Old Moshi kufundisha makarani wa kituo kipya. Alikaa huko kwa binamu yake, akala kiburu mpaka sketi ikambana, na aliporudi alimkuta Doris amekaa mlangoni kama mtoto anayesubiri pipi.

"Usivue hata viatu. Njoo uone."

Doris alikuwa amelivunja lile fungu refu vipande vipande, kila kimoja na jina lake, kila kimoja kinatosha kwenye kioo. Majaribio yote ya programu yalipita, mstari kwa mstari, kijani kibichi kama mgomba wakati wa masika. Dominika, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akiushuka msimbo ule kama mtu anayeshuka korongo gizani, aliushuka mara mbili bila kujikwaa. Binti yake alikuwa amemfagilia nyumba nzima.

"Umefanya mwenyewe?"

"Baba alinipikia uji."

"Uji wa nguvu," Julius alithibitisha. "Bila mimi asingefika."

Dominika alicheka, kisha kicheko kikamwishia njiani. "Na isale?"

"Namba zote nimezihamishia kwenye jedwali la ofisini, kama kanuni inavyosema. Hakuna aliyepotea, nimehakiki mmoja mmoja. Lile neno nimelifuta. Mama, kanuni yetu inasema alama yoyote ndani ya msimbo ieleze kwa nini ipo. Ile haikueleza kitu. Jani tu."

Hapo ndipo Dominika alipopaswa kusema. Isale ni mmea ambao kila Mchagga anaujua kwa kazi zake mbili: unapandwa mpakani, na aliyeupita bila ruhusa amekosa, na jani lake hupelekwa kwa uliyemkosea, na akilipokea hana budi kusamehe. Doris aliujua kwa kuusikia. Alizaliwa Shirimatunda, ambako mipaka ni ukuta wa tofali na vipande vya chupa. Kumwambia ni nini kilichokuwa ndani ya mpaka ule ilikuwa ni kumwaga fedheha ya ukoo mezani, mbele ya uji. Na mkaguzi alikuwa anarudi. Na mkataba ulikuwa unaisha.

"Vizuri, mwanangu," Dominika alisema. "Umefanya vizuri sana."

Crispin alirudi, akakagua, akanywa chai yote na kuomba nyingine. Aliandika ripoti yenye sifa tupu, na kutolewa mafichoni kwa zile namba kukawa sifa ya kwanza. Jumapili ile Julius alichinja kuku.

*

Wiki chache baada ya malipo ya mwezi kutoka, Dominika alimpigia simu mama yake, Bibi Beatha, anayeishi peke yake Kibosho na ng'ombe wake na nguruwe wake.

"Shikamoo, mama. Ng'ombe hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, anakamuliwa vizuri. Maziwa nampa nguruwe."

"Unampa nani?"

"Nguruwe. Amenenepa, njoo umwone. Ana mashavu kama mwenyekiti wa ushirika."

"Mama, kwa nini hupeleki kituoni?"

"Nipeleke ya nini? Meseji ya malipo haiji kwangu siku hizi. Nasikia inakwenda kwa shemeji yangu. Basi acha nguruwe ale, yeye angalau nitamla."

Dominika alipanda bodaboda siku hiyo hiyo. Njia ya Kibosho ilikuwa imechimbika kwa mvua, na kila shimo lilimkumbusha kitu kimoja zaidi. Baba yake alikufa akiacha mke, binti mmoja, kihamba, na ng'ombe wawili. Uanachama wa ushirika ulikuwa kwa jina lake. Ili uhamie kwa mjane, ushirika ulitaka muhtasari wa kikao cha ukoo. Na kikao cha ukoo kilikuwa ni kaka na wadogo wa marehemu, ambao walisema mambo haya hayana haraka, pombe ya mbege ikanywewa, na haraka haikuja kamwe. Bibi Beatha hakuwa peke yake. Wajane kadhaa wa kijiji kile walikuwa wakikamua ng'ombe kwa majina ya watu waliolala makaburini.

Mara mbili namba kwenye jedwali la ofisini zilibadilishwa, malipo yakaenda kwa shemeji wa huyu, kwa mkwe wa yule. Ndipo mwenyekiti wa zamani, Mungu amrehemu, alipomwita Dominika ofisini, Filemon aliyekuwa katibu wakati huo akiwepo anakunywa chai, akasema: "Binti, namba za hawa akina mama ziweke mahali ambapo mkono wa mtu haufiki." Hakuandika popote. Dominika naye hakuandika popote, maana wa kwanza katika orodha ya kufungiwa nje alikuwa baba yake mdogo, aliyembeba mabegani siku ya komunyo yake ya kwanza. Akaweka neno moja juu na moja chini. Kwa Mchagga lingetosha.

Baba mdogo Eliudi alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba ya Bibi Beatha, kofia kwenye goti, kama mtu aliyekuja kusalimia tu.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Huyo seremala wako anakulisha maranda?"

"Ulikwenda kituoni."

"Nilikwenda. Na karatasi ya ukoo mkononi, na kitambulisho. Karani akafungua kompyuta yake, namba ya simu kwenye jina la kaka yangu iko hapo, inabadilika kama ya mtu mwingine yeyote. Miaka yote hii wananiambia haiwezekani, mashine inakataa. Nikasema mashine imetubu."

"Anayekamua ni mama."

"Ng'ombe ni wa kaka yangu. Kihamba ni cha ukoo. Mimi namtunzia hela, akitaka aniombe. Amewahi kuniomba nikamnyima?" Alimgeukia Bibi Beatha aliyekuwa akimenya ndizi mlangoni. "Shemeji, nimekunyima?"

"Hujaninyima," Bibi Beatha alijibu bila kuinua macho. "Juzi nilikuomba ya chumvi, ukanipa ya chumvi. Jana ya sabuni, ukauliza ile ya wiki jana imekwenda wapi. Nikakwambia nimeila."

Eliudi alikohoa. Hakuwa mtu mbaya wa kwenye hadithi, mwenye meno meusi. Alikuwa mzee aliyezoea kuombwa, na mtu akishazoea kuombwa huona kuombwa ndiyo heshima yenyewe.

"Kinachoniuma mimi ni wewe, Dominika," alisema, na sauti yake ilitetemeka kweli. "Kumbe ulinifungia nje. Mimi! Mkaguzi amewaeleza bodi, kulikuwa na namba zimefichwa, kanuni imevunjwa na mwenye kanuni. Utaniletea isale mbele ya watu, mwanangu. Nitaipokea, sina kinyongo."

Alivaa kofia yake akaondoka.

"Mama," Dominika alisema, "ni Doris. Alifuata kanuni."

"Kanuni ya nani?"

"Yangu."

Bibi Beatha alitupa ganda la ndizi kwa nguruwe. "Basi sijui nimwonee huruma nani. Kaa ule."

*

Doris alipoambiwa hakulia mara moja. Alisimama mbele ya friji akazisoma zile karatasi za ukutani kama hajawahi kuziona.

"Kwa nini hukuandika?" aliuliza. "Mstari mmoja tu, mama. 'Wajane hawa, msiwaguse, sababu ni hii.' Ningeelewa. Mimi si mjinga."

"Niliona haya."

"Na nilipokuonyesha? Uliniuliza isale iko wapi, nikakwambia nimefuta, ukasema vizuri sana."

"Niliogopa mkataba."

"Aa." Doris alikaa chini sakafuni. Hapo ndipo alipolia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni. Julius akaja kutoka uani akakaa sakafuni naye, akamwekea mkono wenye gundi kichwani, na nywele zikanasa. Ikabidi zikatwe kidogo kwa mkasi. Doris akacheka huku analia, akimwita baba yake majina ambayo baba hastahili kuitwa.

Jumamosi walipanda wote watatu Kibosho. Doris alitangulia mbio kuingia uani kwa bibi yake, na Dominika alipofika alimkuta amepiga magoti, jani refu la isale limefungwa fundo kama inavyotakiwa, analinyoosha kwa mikono miwili.

"Bibi, naomba radhi. Nilivuka mpaka bila kujua."

Bibi Beatha aliliangalia lile jani. Akamwangalia mjukuu. Akautazama ua wake wote kwa macho ya mtu anayehesabu kuku.

"Umelichuma wapi?"

"Pale chini, bibi. Kwenye ule mstari karibu na mfereji."

"Yeleuwi! Huo si ndio mpaka wangu na Eliudi? Umeng'oa mpaka wangu kuja kuniomba radhi ya kuvuka mpaka?"

"Nimechuma jani tu, bibi!"

"Jani tu! Leo jani, kesho shina, keshokutwa shemeji yangu anapanda maharage mlangoni kwangu." Lakini mabega yake yalikuwa yanatikisika, na mara kicheko kikamtoka, kikubwa, cha mtu aliyekosa sababu ya kucheka kwa mwezi mzima. Akalipokea jani, akalichomeka kwenye kilemba chake. "Haya, nimesamehe. Si nina hiari? Mila imenishika. Sasa inuka, ukachomeke tawi lake ardhini pale ulipochuma. Isale haifi, ukiichomeka inaota."

Jioni ile, nyumbani, Doris na mama yake walikaa kwenye kompyuta moja wakabanana bega kwa bega. Vile vipande safi alivyovikata Doris waliviacha. Vilikuwa vizuri, na hakuna aliyesema vinginevyo. Namba za wajane zikarudi ndani ya msimbo. Neno isale likarudi juu na chini. Na katikati Doris akaandika maelezo, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama rula: hawa ni akina nani, nani aliagiza, kwa nini jedwali halifai, na kwamba anayetaka kuwatoa humu aende kwanza Kibosho akaonane nao.

"Crispin atasema tuweke kufuli kwenye jedwali," alisema Doris.

"Kufuli lina ufunguo. Ufunguo una karani. Na karani ana mjomba."

Doris akaliongeza na hilo kwenye maelezo.

*

Mkutano mkuu ulifanyika kwenye ukumbi wa ushirika. Wanachama walikaa ndani kwenye viti vya plastiki. Wajane hawakuwa wanachama, kwa hiyo walikaa nje, kwenye nyasi, na ndoo zao tupu. Wenzake Bibi Beatha walikuwa wamesikia habari ya nguruwe nao wakaacha kupeleka maziwa, baadhi yao namba zao zilikuwa zimebadilishwa vilevile, na kwa wiki kadhaa kituo kilikuwa kimepokea maziwa machache mpaka lori la kuyabeba lilishuka likigonga makopo matupu njia nzima.

Crispin alisoma ripoti yake ya pili amesimama. Alisema Ndoo ni programu imara. Alisema alichokuta safari hii ndani ya msimbo kimeelezwa vizuri kuliko kitu chochote alichowahi kukagua. Kisha akavua miwani. "Lakini ninaulizwa kama kanuni ya tatu imefuatwa. Haikufuatwa. Imevunjwa kwa makusudi, tena mara ya pili. Siwezi kuandika vingine."

Minong'ono ikazagaa. Mwenyekiti Filemon aligonga meza. Alikuwa mtu mnene, mpenda amani, na mashavu yake yalikuwa kweli kama alivyosema Bibi Beatha.

"Mama Doris," alisema kwa upole, "hapa hatutaki kesi. Bodi imekaa. Tumeona tukubali hizo namba zibaki huko ndani ziliko, maana maziwa tunayataka. Mkataba huu hapa, kalamu hii hapa. Ila wanachama wamekwazika. Mwenye kanuni amevunja kanuni, akaficha. Na mzee Eliudi amedhalilika. Kwa hiyo uombe radhi kidogo, yaishe. Tumekurahisishia."

Juu ya mkataba palikuwa na jani la isale, limeshafungwa fundo.

Dominika alisogea mbele. Aliona Julius nyuma ya ukumbi, katika koti lake la harusi linalombana, akimwangalia bila kumwomba chochote. Alimwona Eliudi katika safu ya kwanza, mikono ameiweka magotini viganja juu, tayari kupokea. Macho ya mzee yalikuwa na maji. Filemon yeye hakuangalia mtu. Aliangalia lile jani, kwa sababu alikuwepo siku ile, na chai aliyokuwa akinywa ilikuwa na tangawizi, na Dominika alikumbuka hata hilo.

"Mwenyekiti," alisema, "unakumbuka nani aliniagiza?"

Filemon aligusa kalamu, akaisogeza kidogo kulia. "Marehemu hana shahidi, mama Doris. Sema tu samahani. Ni neno dogo."

Ni neno dogo kweli. Dominika alilichukua jani. Ukumbi mzima ukashusha pumzi. Eliudi akainuka nusu kwenye kiti. Dominika akampita. Akapita safu za viti, akapita kwa Julius, akatoka mlangoni mpaka kwenye nyasi, akapiga magoti mbele ya mama yake ambaye alikuwa amekaa juu ya ndoo aliyoipindua.

"Mama, niliona namba yako imetolewa, nikanyamaza kwa sababu ya mkataba. Hilo ndilo kosa langu. Naomba radhi."

Bibi Beatha alilipokea jani. "Hili nalo umelichuma wapi?" alinong'ona.

"La ushirika."

"Afadhali."

Dominika alisimama, magoti yana majani, akageuka mlangoni ambako vichwa vilikuwa vimejazana, Filemon mbele, mkataba mkononi, Doris nyuma yake akiwa amejiziba mdomo.

"Na sisi je?" Filemon aliuliza. "Sisi unatuomba lini?"

"Nyinyi siwaombi, mwenyekiti. Mkisaini leo siwaombi, na mkiwapa watu wa Dar es Salaam kesho siwaombi. Baba mdogo nampenda, na siku nikimkosea nitampelekea jani kwa mikono miwili, lakini kwa hili hapana. Kanuni niliiandika mimi, na pale ilipotaka kumla mama yangu niliivunja mimi. Ikitaka tena nitaivunja tena. Radhi siombi."